Nina miaka 41, nimerudi chuo, na sasa natamani kukimbia

Shikamoo Bi Mshauri,

Naomba usinitaje jina. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida, nina miaka 41, nina mume na watoto watatu. Nilianza na cheti cha ualimu, nikaunga stashahada, na mwaka huu mwajiri ameniruhusu kwenda kusoma shahada. Chuo ni cha umma, kiko mkoa mwingine. Watoto wawili wakubwa wako bweni. Yule mdogo wa darasa la pili nimemwacha kwa mama yangu. Mume ni dereva wa lori, leo yuko Tunduma, kesho Kahama.

Bi Mshauri, nimechoka mapema mno. Darasani tumejaa hadi wengine wanakaa ngazini, na wengi wao nawazidi miaka ishirini. Wananiamkia vizuri, "shikamoo mama", halafu basi. Hosteli nilipangiwa chumba na mabinti watatu, muziki mpaka usiku wa manane, nikahama nikapanga chumba mtaani.

Kilichonivunja ni somo la takwimu. Jaribio la kwanza nimepata 4 kwenye 15. Kulikuwa na kazi ya kikundi yenye alama 10. Mipango yote ilifanyika WhatsApp saa nne, saa tano za usiku. Nikiamka alfajiri nakuta ujumbe mia mbili na kila kitu kimeshagawanywa. Nikatoa elfu mbili ya kuprinti na kubaindi, nikajua na mimi nimo. Kazi imekusanywa jina langu halipo. Kiongozi wa kikundi akaniambia kwa adabu kabisa, "Samahani mama, lakini hukufanya chochote." Limebaki jaribio la pili, alama 15. Chuoni kwetu ukiwa chini ya 16 kwenye 40 huingii UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ya somo hilo.

Nilienda ofisi ya kompyuta niombe kuelekezwa namna ya kupakia kazi kwenye mfumo. Kijana wa pale hata kichwa hakuinua: "Mama, hayo si mwanao tu anakuelekeza?" Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Tangu siku hiyo sijaingia ofisi yoyote.

Kiingereza nacho ni balaa. Miaka yote nimefundisha kwa Kiswahili. Mhadhiri akisema naelewa, ila nikishika kalamu sentensi hazitoki.

Na hela haitoshi. Niliwaza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Pia kuna mtu anataka nimwachie kadi yangu ya benki anipe milioni moja na nusu.

Silali. Nalia bafuni na kufungulia maji ili wapangaji wenzangu wasinisikie. Nawaza kufungasha kimyakimya, nikaripoti shuleni kwangu kana kwamba sikuwahi kuondoka. Nikae au niondoke? Na hizo huduma za wanafunzi tulizotangaziwa wiki ya kwanza, kweli ni za watu wa umri wangu?

Mwalimu mwanafunzi

*

Marahaba, mwalimu.

Kabla sijagusa umri wala machozi, tupige hesabu, maana muda haukungoji. Una alama 4. Unahitaji 16. Ukiiacha kazi ya kikundi ibaki sifuri, jaribio la pili unatakiwa kupata 12 kwenye 15, na kwa mtu aliyepata 4 mara ya kwanza huo ni mlima. Lakini ukipata hata 6 kwenye ile kazi ya kikundi, jaribio la pili unahitaji 6 tu. Kwa hiyo pambano lako la wiki hii ni jina lililokatwa. Mengine yote yanaweza kungoja hadi Jumatatu ijayo.

Kijana yule kiongozi wa kikundi simlaumu sana. Anakuamkia shikamoo asubuhi, jioni anakukata jina, lakini kwa sheria za wenzake yuko sahihi: elfu mbili ya kubaindi haijawahi kuwa kazi. Muone ana kwa ana, si kwa WhatsApp. Mwombe faili la kazi yenyewe, ulisome mpaka uweze kulieleza. Kisha nenda kwa mhadhiri ukiwa na ombi moja linaloeleweka: akupe sehemu ya kazi hiyo uifanye peke yako, au akuhoji kwa mdomo kuhusu kazi ya kikundi. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Wahadhiri niliowahi kufanya nao kazi wengi walikubali pale mwanafunzi alipokuja kabla matokeo ya kozi weki, yaani hizo alama 40 za kabla ya UE, hayajabandikwa. Yakishabandikwa, inakuwa habari ya barua na kamati, na hapo milango inakuwa mizito.

Na ukienda kwake, usianze na watoto, mama yako wala lori la Tunduma. Ninajua inavyokuja mdomoni, kwa sababu nimekaa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na karibu kila mtu mzima aliyeingia alianza kwa kusimulia maisha. Mhadhiri mwenye karatasi mia tatu mezani atakuhurumia, atakupa pole, halafu utatoka na pole yako. Chukua karatasi ya jaribio. Muda wake wa kuonana na wanafunzi mara nyingi umebandikwa mlangoni; fika ndani ya muda huo. Sema: "Dokta, swali la pili nilifika hapa nikakwama, naomba unionyeshe nilipopotea." Weka kidole kwenye mstari wenyewe. Akiwa mdogo kwako kwa miaka kumi, mpe heshima ya cheo chake kama ambavyo wewe unampa mkuu wa shule kijana. Ukishaeleweshwa swali la pili, ndipo ulete habari ya kikundi.

Halafu hizi takwimu, mwalimu, mbona unaziogopa kana kwamba ni ngeni? Kila mwisho wa muhula umekaa na daftari la alama, umejumlisha, umegawa, umepata wastani wa darasa, ukapanga nafasi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Hiyo standadi deviesheni inayokutoa jasho inajibu jambo ambalo umelijua kwa macho muda wote. Chukua mikondo miwili ya darasa la saba, kila mmoja una wastani wa 50. Mkondo A watoto wote wako kati ya 45 na 55. Mkondo B wapo wenye 90 na wapo wenye 10. Mwalimu yeyote anajua hayo si madarasa yanayofanana, na anajua ni lipi litamsumbua. Standadi deviesheni ni namba inayopima huo mtawanyiko: kwa A ndogo, kwa B kubwa. Anza hapo, na kanuni utaiona inavyojengwa: umbali wa kila alama kutoka kwenye wastani, unaukuza kwa kipeo cha pili ili hasi zisiue chanya, unatafuta wastani wa hizo, unarudi kwa kipeuo. Fanya kwa alama kumi za wanafunzi wako unaowakumbuka. Kisha tafuta maswali ya mitihani iliyopita, maktaba huwa nayo na madesa, yale makaratasi ya notisi, ya mwaka wa pili yamejaa hayo, uyafanye kwa kalamu. Kuyasoma tu hakutakusaidia.

Kwenye semina, nenda kaa mbele. Mhadhara wa watu mia tatu haujamjenga mtu ambaye msingi unayumba. Semina ndiyo mahali pa kuuliza, na anayeiendesha mara nyingi ni mhadhiri msaidizi ambaye yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti hicho juzijuzi.

Sasa Kiingereza. Hapa nitakaa kidogo, maana nadhani ndicho kinachokula usingizi wako kuliko unavyokiri. Mfumo wetu unamfundisha mtoto kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, sekondari unamgeuzia lugha, na mwalimu wa msingi anarudi kwenye Kiswahili kufanyia kazi, halafu akifika chuo kikuu anategemewa aandike insha ya Kiingereza kama aliyetoka kidato cha sita mwezi uliopita. Hilo halihusiani na akili zako. Wale mabinti waliotoka kidato cha sita wana faida ya kuandika Kiingereza jana na juzi, hiyo tu. Vyuo vyetu vingi vina somo la stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, na wanafunzi wengi hulidharau, hulipita kwa kudesa. Wewe ndiye liliwekwa kwa ajili yako. Mwalimu wa somo hilo anaruhusiwa kusoma aya yako ya masomo mengine na kukuonyesha inapokatika. Mpelekee aya moja, si kurasa nane. Na unapojiandaa, fikiri kwa Kiswahili bila aibu: andika hoja zako tatu kwa Kiswahili, uzipange, ndipo uandike sentensi fupi fupi za Kiingereza. Anayesahihisha hatafuti mapambo. Sentensi ya maneno kumi iliyonyooka inapata alama kuliko ya maneno arobaini iliyopotea njiani.

Umeniuliza kama huduma za wanafunzi ni za umri wako. Nikukumbushe jambo ambalo vijana wa kikundi chenu hawajalisikia. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi hii iliamua kwamba mtu hatoki kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu; aende kwanza akafanye kazi, na apendekezwe na mwajiri na tawi la TANU. Mlimani pale Dar es Salaam, kwa miaka kadhaa, darasa la kawaida lilikuwa la watu waliotoka kazini, wenye wake, waume na watoto. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye na ulikuwa na kasoro zake, sitaki kuupamba, lakini mtu mzima kwenye dawati la chuo kikuu si kituko kilichozuka na wewe.

Umelipa ada kama wao. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ushauri nasaha, zahanati ya chuo, maktaba, dawati la jinsia kama lipo kwenu, serikali ya wanafunzi: hakuna hata moja inayouliza mwaka wa kuzaliwa. Huyo kijana wa kompyuta alikukosea, na hana mamlaka ya kukufungia chuo kizima. Usirudi dirishani kwake. Nenda maktaba, uliza mkutubi anayefundisha wanafunzi wapya kutafuta majarida na kutumia mfumo. Ni kazi yake na huwa anangoja watu. Ukitaka kumshitaki yule kijana, muda utafika. Alama zako kwanza.

Nikusahihishe pia kwenye lile la kuwa peke yako. Kwenye kozi za ualimu huwa wamo watu walioingia kwa stashahada, wale wa sifa linganishi, na kati yao walimu kazini kama wewe. Huwaoni kwa sababu na wao kipindi kikiisha wanakimbilia daladala wakapike. Mwombe CR, mwakilishi wa darasa, aweke tangazo: wanaotaka diskasheni ya takwimu saa kumi jioni, vimbweta (benchi za nje) vya karibu na maktaba. Watakuja watatu, labda wanne. Inatosha, na hutasubiri tena ujumbe wa saa tano usiku. Kwenye kazi za kikundi zijazo, omba kipande chako siku ileile mhadhiri anapotoa swali, kabla hamjatawanyika, na usikubali kamwe kuwa mtu wa kuprinti.

Kuhusu kuitwa mama, zoea. Wangekuitaje?

Chumba nacho, ukikaa na Mshauri wa Wanafunzi mwulize kama kuna hosteli wanakokaa wanafunzi wa uzamili au walioko kazini. Baadhi ya vyuo vina utaratibu huo lakini hautangazwi kwa spika.

Tuje kwenye hela, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Miongozo ya Bodi ya Mikopo kwa miaka ya karibuni imeweka ukomo wa umri wa miaka 35 na inataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira. Una 41 na una mshahara. Usipoteze nauli na muda kuhangaikia fomu. Huyo mwenye milioni moja na nusu, mkimbie. Mtumishi wa umma kwa utaratibu anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, na benki na SACCOS zinalazimika kuliheshimu hilo. Kausha damu, mkopeshaji wa namna hiyo, anaichukua kadi yako kusudi asiheshimu: mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kwenye mashine, wewe unapigiwa simu kuambiwa kilichobaki. Walimu wangapi tunawajua wamefanya kazi miaka mitatu bila kuishika kadi yao? Kama uko kwenye SACCOS ya walimu, anzia huko, uliza mkopo wa elimu na kiasi kitakachobaki baada ya kukatwa. Na nenda ofisi ya uhasibu ya chuo ukaombe kulipa ada kwa awamu kabla ya kudaiwa. Anayeomba kabla hupewa ratiba, anayeomba baada ya jina kutoka kwenye orodha ya wadaiwa husimama foleni siku ya mtihani.

Sasa swali lenyewe, ukae au uondoke.

Kaa, angalau hadi kozi weki ijulikane. Somo moja bovu kati ya yote unayosoma kwa kawaida halimwondoi mtu chuoni muhula wa kwanza. Fungua kanuni za mitihani za chuo chako uone wanasemaje kwa aliyezuiwa somo moja, wengi hulirudia. Umeniandikia barua ndefu na somo lililokushinda ni moja. Hayo mengine hukuyataja, nami nachukulia yanakwenda.

Lakini ukishafanya haya ukaona bado haiwezekani, labda mama ameugua, labda mtoto anakuhitaji, basi ondoka kwa karatasi. Kuahirisha masomo ni utaratibu ulioandikwa: unaandika barua ukieleza sababu, inapita kwa mkuu wa idara na Mshauri wa Wanafunzi, unaambatisha ushahidi, unapewa jibu la maandishi lenye tarehe ya kurudi. Kalenda ya chuo ina siku ya mwisho ya kuomba, itafute leo. Mtu wa namna hii anarudi mwakani na nafasi yake ipo. Ukifungasha usiku kama unavyowaza, chuo kitakuandika umetoroka masomo, mitihani usiyofanya itahesabika umeshindwa, na utakuwa umedisko, yaani umeondolewa masomoni, kwa kosa la kutoaga. Kazini nako mambo yataharibika: Mkurugenzi wa halmashauri anajua uko masomoni kwa ruhusa yake, mshahara unalipwa kwa msingi huo. Ukionekana huku haupo na kule haupo, hiyo ni habari ya nidhamu, na Tume ya Utumishi wa Walimu haitakuuliza kama Kiingereza kilikuwa kigumu. Hata ukitaka kuhamia chuo cha karibu, au Chuo Kikuu Huria chenye vituo mikoani, ambako walimu wengi wamesoma huku wakifundisha, utahitaji rekodi safi ya huko ulikotoka na uhamisho wenyewe unafuata taratibu za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa kweli, kama mtoto mdogo ndiye anayekukata maini, Huria ni jambo la kulifikiria mwisho wa mwaka, kwa utulivu.

Kulia na kukosa usingizi kusikusubirishe hadi mitihani iishe. Nenda zahanati ya chuo ukapime presha, umri wako unastahili hilo hata bila takwimu, na uwaambie kwamba hulali. Kisha omba kuonana na mshauri nasaha. Ni bure, na unachosema pale hakiendi kwa mhadhiri wala kwa mwajiri. Usimpelekee habari ya alama, hiyo ina mahali pake. Mpelekee ile ya bafuni.

Mume umemtaja mara moja tu, kama mtu wa safari. Anajua una 4 kwenye 15? Mwambie. Dereva wa lori anaweza kupitia Singida akampeleka mtoto shule siku mbili akiwa na mapumziko, mama yako akapumua, na wewe ukaacha kupiga simu nyumbani katikati ya semina.

Mkuu wa shule yako muhula ukiisha mpelekee nakala ya matokeo yako, yakiwa mazuri au mabaya, na nyingine kwa afisa elimu. Na ukishaonana na mhadhiri wa takwimu, niandikie alichosema.

Bi Mshauri